Maneno ya Duka la Vipuri vya Redio

Wasomaji wetu wa makamo watayakumbuka maduka ya vipuri vya redio. Hata Marekani wako wanaoyakumbuka, pamoja na katalogi zilizowawezesha kuagiza vifaa kwa posta: Heathkit iliacha kuuza vifaa vya kujiundia mwaka 1992, na RadioShack ikafilisika mwaka 2015. Hapa tunakusudia kueleza hasara iliyoipata lugha.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Redio ilipoharibika, darasa lilivunjika. Hivyo fundi wa redio, Ufipa kama kwingineko nchini, alikuwa mtumishi wa elimu. Fedha za kigeni zilipoadimika baada ya Vita vya Kagera (1978–79), vipuri vilitolewa katika redio zilizokufa. Baadaye bidhaa za bei nafuu zilijaa madukani, watu wakazoea kununua kipya badala ya kutengeneza.

Fundi alikuwa na msamiati wake. Betri ziliitwa mawe. Madini ya kuungia nyaya, lehemu. Resista ilitambuliwa kwa rangi: kahawia, nyeusi, nyekundu, yaani omu 1,000. Asiyejua Kiingereza aliweza kuisoma. Vitabu vya fizikia navyo vilituletea ukinzani, neno zuri lililotokana na kukinza. Lakini vitabu na karakana havikukutana ipasavyo.

Ufipa imekwisha kuliona jambo hili. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo zenye kimo cha mita tatu hivi. Majembe ya viwandani yalipoenea katika karne ya 20, kazi hiyo ilikoma. Sehemu ya ujuzi huo iliandikwa, kwa mfano katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza. Tanuri huacha gofu. Neno lisiloandikwa haliachi kitu.

Kwa hiyo twapendekeza walimu, wafasiri na maofisa utamaduni, kuanzia Sumbawanga, wawaendee mafundi wazee, wakishike kila kipuri mkononi, waulize jina lake na kuliandika pamoja na kazi yake. Kuchagua lipi liwe sanifu kutafuata. Haifai kuunda istilahi mpya kabla ya kuuliza kama mafundi hawanayo tayari.