Maongezi ya Wazee wa Rungwe

Zamani, vijana wa Kinyakyusa walijenga kijiji chao wenyewe wakazeeka humo na wenzao wa rika. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, miaka ya 1930, walieleza jinsi wanaume walivyothamini kuketi na kuzungumza pamoja. Mzee aliyepungukiwa usikivu alipoteza mengi.

Vijiji hivyo vimetoweka; hamu ya maongezi ipo. Kwa wasiosikia, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upandikizaji wa vifaa vya usikivu mwaka 2017. Vipo pia vifaa vya kuvaa sikioni, lakini hivyo huharibiwa na unyevu, na Tukuyu, mji wa Rungwe, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo usiku kifaa hufutwa, kilango cha betri kikaachwa wazi, kikahifadhiwa kwenye kopo lenye kikaushi.