Roboti Ilimwamkia, Lilimwamkia au Alimwamkia?

Kijana mmoja wa kidato cha nne kutoka Wete aliniletea daftari la hesabu ambalo kurasa zake za nyuma amezijaza hadithi kwa penseli. Mambo yanatokea Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, miaka mia moja kutoka sasa. Langoni wanalinda wawili. Mmoja ni mzee mkunjufu, mwajiriwa wa kampuni ya ulinzi, ana tochi na chupa ya chai, na kila mchumaji karafuu anayepita anamjua kwa jina la mama yake. Mwenziwe ni roboti. Sentensi ya kwanza imefutwa hata karatasi imetoboka. Alianza na "Roboti ilimwamkia mzee", akafuta akaandika "lilimwamkia", akafuta tena akaandika "alimwamkia", na hiyo nayo akaiwekea alama ya kuuliza. "Mwalimu," akaniambia, "ipi sahihi?"

Nilimwomba aniachie daftari. Swali lake ni kubwa kuliko linavyoonekana, na sikutaka kulijibu kwa kubahatisha.

Tuanze na neno lenyewe. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alichapisha tamthilia ya R.U.R. mwaka 1920, na mwaka uliofuata ikachezwa Prague. Alihitaji jina la wafanyakazi wanaotengenezwa kiwandani. Ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempa jina hilo, akilitoa katika neno la kwao, robota. Hiyo ilikuwa kazi ambayo mkulima wa Bohemia alilazimika kumfanyia bwana mwenye ardhi bila ujira, mpaka ilipofutwa mwaka 1848. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hilo hilo, nalo ni shokoa. Vijana wengi hawalijui tena, lakini limo katika makamusi, na wazee wa pwani walilijua kwa migongo yao: kazi ya kushurutishwa, isiyo na malipo, ambayo huna hiari ya kuikataa. Kwa hiyo, kama tungelifasiri neno hili kwa maana yake ya asili, roboti angekuwa mtu wa shokoa.

Wengi hudhani roboti wa kwanza alikuwa wa chuma. Wale wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikorogwa kutokana na kitu mfano wa nyama, wakawa na sura za watu, wakauzwa kuwa nguvu kazi ya bei rahisi isiyodai chochote. Na kiwanda chao kilikuwa kisiwani.

Msomaji wa Pemba hawezi kulipita hilo mbio mbio. Baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa shina la karafuu, na mashamba yake yalilimwa na kuchumwa na watumwa mpaka amri ya mwaka 1897 ilipouondolea utumwa uhalali wake wa kisheria. Litazameni neno mtumwa: ni yule anayetumwa, basi. Muundo wa neno hausemi lolote juu ya alichonacho moyoni. Čapek alibuni kisiwa ambacho wafanyakazi wake wanahesabiwa kuwa hawana roho. Sisi tuliishi katika kisiwa ambacho watu wenye roho walihesabiwa hivyo. Ndiyo maana sipendi roboti ifasiriwe kwa neno lolote la utumwa, wala kwa msukule, ingawa msukule wa masimulizi yetu, anayelima usiku shamba la mtu mwingine bila akili zake mwenyewe, ndiye hasa jamaa wa karibu wa viumbe vya Čapek. Maneno hayo yana wenyewe, na yamebeba maumivu ya wenyewe. Nimewahi kusikia pia mtu-mashine na mtambo-mtu. Mtambo ni neno zuri, la zamani, lililotaja fyatuo la mtego kabla ya kutaja mashine kubwa, lakini likiunganishwa na mtu linakuwa zito mdomoni na halisemi zaidi ya lile la mkopo. Roboti imeshaingia, inatamkika, inamalizika kwa irabu kama desturi yetu. Iachwe kama ilivyo.

Lakini kulipokea neno ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulitafutia ngeli, na hapo ndipo penseli ya kijana ilipokwama.

Mwandishi wa Kiingereza akiandika habari za roboti hulazimika kuamua kama ni mwanamume, mwanamke, au kitu. Sisi jambo la jinsia halitusumbui, kwani yule yule "a" anawatosha bibi na babu. Kiswahili kinauliza jambo jingine, nacho huliuliza mapema sana, kwenye kitenzi cha kwanza: hiki unachokitaja kina uhai? Huwezi kukwepa. Ndege akitua mtini, ndege ikitua uwanja wa Karume: jina ni moja, upatanisho ndio unaotwambia yupi ana mayai na ipi ina abiria. Kifaru aliyekimbia ana pembe. Kifaru kilichokimbia kina mzinga. Hatukuhitaji kubuni majina mapya kwa vyombo hivyo. Tuliazima jina la mnyama, tukamwachia yeye upatanisho wake.

Pemba imekwisha kuushuhudia mfano huu kwa macho. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyote viwili kutoka angani kwa vyombo vidogo visivyo na rubani, ili ipatikane ramani mpya, na wanafunzi wa chuo wakafunzwa kuvirusha. Chombo kile ni roboti, tena roboti hasa, maana hupewa njia yake kabla ya kuruka kisha hujiendesha. Watanzania wakakiita ndege nyuki. Nyuki ana uhai, ndege ana uhai, na bado sikumsikia mtu akisema "ndege nyuki amepita juu ya mpunga". Ilipita. Wazungumzaji hawakungoja baraza la lugha liwaamulie.

Sasa vipi kuhusu "li" na "ma", yaani "roboti hilo" na "maroboti"? Magazetini utayaona, na si kosa, maana maneno mengi ya mkopo huingia humo. Lakini kwa sikio langu "li" ina ukubwa na hofu ndani yake. Ni upatanisho wa zimwi, kama wahenga walivyosema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukiandika "roboti lilikuja langoni", msomaji wa kisiwani ameshashika mlango. Kama hadithi inataka mashine ya kutisha, hiyo ndiyo ngeli yake. Hadithi ya kijana huyu haitaki hivyo.

Na haitaki kwa sababu roboti wake ni mlinzi mwenza, jambo ambalo si la kubuni tena. Kinshasa, kuanzia mwaka 2013, zilisimamishwa kwenye njia panda roboti za alumini, ndefu kuliko mtu, zinazotumia umeme wa jua, zikiongoza magari kwa mikono na taa. Nyingine zikapelekwa Lubumbashi, mji wa Kiswahili. Aliyeziunda ni injinia Thérèse Izay Kirongozi, na siwezi kuliandika jina lake bila kukumbuka kwamba kirongozi, katika Kiswahili cha zamani, ndiye mtu aliyetangulia mbele ya msafara kuonesha njia. Mwaka 2017 polisi wa Dubai walionesha roboti yenye kofia ya askari, inayopiga saluti na kupeana mkono. Wapemba walioko Ghuba hawakuhitaji kusimuliwa. Rwanda, wakati wa Korona mwaka 2020, ilizipa roboti zake za afya majina ya Kinyarwanda, na moja ikaitwa Ngabo, neno ambalo ni ndugu wa ngao yetu. Napenda sana uamuzi ule wa Rwanda. Mashine iliyopewa jina la kinga imekwisha kukaribishwa nyumbani.

Basi na binadamu anayesimama langoni kando ya roboti tumwite nani? Hapa nimeona tafsiri nyingi zikianguka. Mtu huifasiri hadithi ya Kiingereza neno kwa neno, akapata "afisa usalama wa kirafiki wa kampuni", na msomaji wa Chake Chake akadhani ametajiwa mtu wa idara ya serikali anayesikiliza mazungumzo barazani. Usalama ni hali, ni matokeo. Kazi yenyewe ni ulinzi. Afisa usalama kwetu ana maana yake nzito, na si mtu wa kukaa getini na tochi. Askari nalo ni neno zuri, na walinzi wa kampuni huitwa hivyo kila siku, lakini Pemba askari humkumbusha mtu sare za polisi na za KMKM, Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, na misimu ya karafuu zilizovushwa usiku kwenda Mombasa. Bawabu hulinda mlango tu.

Mlinzi ndilo neno. Limetoka kwenye kulinda, na kulinda tulikujua tangu utotoni, mpunga ulipoanza kukomaa mabondeni. Tulipandishwa kwenye dungu alfajiri kuamia ndege. Ukilala, mpunga umekwenda. Kutoka dunguni ilipita kamba mpaka pembe za mbali za bonde, imefungwa makopo, na palikuwa na sanamu la matambara limesimama katikati. Ndege waliliogopa sanamu siku tatu. Siku ya nne walitua juu ya kichwa chake. Kamba nayo haikuvutika mpaka avute mtu. Yule mtoto wa dunguni, na makopo yake, alikuwa mlinzi na mtambo wake wakifanya kazi pamoja, na hakuna aliyechanganyikiwa yupi kati yao aliyekuwa akilinda.

Na kwa ile "kirafiki", tunalo neno mkunjufu, mtu aliyekunjua uso wake. Kwa mlinzi hiyo ni sehemu ya kazi. Anayeamkiana na kila mtu ndiye anayejua leo amepita asiyemjua. Kamera huiona sura. Mzee wa langoni anajua kuwa huyu kijana amefiwa juzi, ndiyo maana anazungukazunguka, asisumbuliwe.

Kuna kitabu cha Kimarekani ambacho kingempa mfasiri wa Kiswahili mtihani mzuri: All Systems Red cha Martha Wells, cha mwaka 2017. Msimulizi wake ni kiumbe cha ulinzi, nusu mashine na nusu nyama, anayekodishwa na kampuni kuwalinda wanasayansi katika sayari ya mbali. Kwa siri amevunja kidhibiti kinachomlazimisha kutii, na uhuru huo anautumia kutazama tamthilia. Hataki kuitwa mtu, na Kiingereza humtaja kama kitu. Kiswahili kingemsitiri muda mrefu, kwa sababu anasimulia mwenyewe, na "ni" ya "nilisimama" haiulizi uhai wa mtu. Siri ingefichuka pale wengine wanapomzungumzia. Atakayesema "mlinzi wetu ameumia" na atakayesema "chombo chetu kimeharibika" wangejulikana papo hapo ni watu wa namna gani. Kiingereza kina nyenzo hii kwenye viwakilishi tu, si kwenye kila kitenzi. Sisi tunayo bure, na waandishi wetu wa hadithi za kisayansi, walio wachache mno, wanaweza kuitumia kuliko wenzao wa Kiingereza.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Katika kamusi, roboti iwekwe kwenye ngeli ya i na zi, pamoja na ndege ya abiria, kompyuta na redio; na pembeni iandikwe kwamba hupokea pia a na wa inapotajwa kama mhusika. Nayaomba mabaraza ya Kiswahili, BAKIZA la Zanzibar na BAKITA kwa upande wa bara, yaandike matumizi yote mawili waziwazi, ili mwalimu asimkate mwanafunzi maksi kwa jambo ambalo lugha imeliruhusu.

Na wewe kijana, daftari lako hili hapa. Kosa lako halikuwa katika "i" wala "a". Lilikuwa katika kitenzi. Redio husema, kengele hulia, lakini kuamkia ni tendo la mtu kwa mtu, lenye mdogo na mkubwa ndani yake, na "ilimwamkia" inagongana kwa sababu hiyo. Anza hivi: "Roboti ilisema, Shikamoo babu." Hapo bado ni chombo kinachotoa sauti kilichotiwa. Kisha mwache mzee aitazame kidogo, aweke chupa yake ya chai chini, na aitikie, "Marahaba." Kuanzia sentensi inayofuata, andika "a".