Kutoka Katika Ubia: Funzo la Jumuiya ya Afrika Mashariki, 1977–1984

Nyumbani kwetu Bulumbi, wilayani Busia, familia nne ziliwahi kununua plau moja ya ng'ombe. Kila familia ilikuwa na wiki yake ya kulima. Mwaka mmoja mvua ilichelewa, wiki ya baba ikaangukia siku ambazo ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Alichoka, akatangaza kwamba anajitoa. Wenzake walimjibu kwa upole: ruhusa unayo, ila fundi aliyetengeneza plau bado anatudai sote. Hapo baba akatambua kwamba kuacha kutumia mali ya ubia si sawa na kutoka katika ubia. Hata wale wanaonunua wiki moja ya kila mwaka katika nyumba ya likizo hukutana na jambo hilo: unaweza kuacha kwenda, lakini ada ya matengenezo haiachi kuja.

Katika insha hii ninadai kwamba hilo ndilo lililozikuta Kenya, Uganda na Tanzania. Vitabu vingi husema Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Kwa maoni yangu, mwaka huo washirika waliacha kushirikiana tu. Ubia wenyewe ulifungwa mwaka 1984.

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Chini yake nchi tatu zilimiliki kwa pamoja reli, bandari, ndege, posta na simu. Makao makuu yaligawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na Jumuiya yenyewe Arusha. Kwetu sisi wa mpakani jambo hili lilionekana kwa macho. Reli iliyotoka Mombasa, ikavuka mpaka na kupita Tororo kuelekea Kampala, ilikuwa mali ya shirika moja.

Ugomvi ulikuwa na sababu kadhaa. Uganda na Tanzania ziliona kwamba Kenya inafaidi zaidi. Siasa za uchumi zilitofautiana. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na marais watatu hawakukutana tena kama mamlaka kuu ya Jumuiya. Baadaye fedha za mashirika zikaanza kuzuiliwa badala ya kupelekwa makao makuu. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilianguka, Kenya ikaanzisha lake, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Katikati ya mwaka bajeti ya Jumuiya haikupitishwa.

Kila nchi ilibaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Lakini madeni hayakujua mipaka. Mikopo ya mashirika, ikiwemo ya Benki ya Dunia, ilikuwa imechukuliwa kwa jina la wote. Ndipo akateuliwa msuluhishi, mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht. Kazi yake ilipitia vita vya Uganda na Tanzania vya 1978–1979 na mabadiliko ya serikali Kampala. Makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Mali na madeni viligawanywa hivi: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Uganda, ambayo mali iliyokuwa mikononi mwake ilipungua fungu lake, ilistahili kufidiwa na wenzake.

Hata hivyo hesabu ya mataifa si hesabu ya watu. Kila nchi ilikubali kuwalipa pensheni raia wake waliotumikia mashirika. Nchini Tanzania, waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya walikuwa bado mahakamani wakidai stahili zao katika miaka ya 2000. Hawa hawakupiga kura ya kuingia wala ya kutoka, lakini ndio waliosubiri muda mrefu zaidi.

Mkataba wa sasa, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, unaonyesha mlango waziwazi. Nchi inayotaka kutoka huhitaji theluthi mbili ya wabunge wake, kisha hutoa notisi ya maandishi ya miezi 12, na wajibu ilioubeba ikiwa mwanachama haufutiki.

Baba naye alitoka hatimaye. Alimlipa fundi fungu lake, kisha familia nyingine ikanunua wiki yake mbele ya wote wanne. Haikuchukua miaka saba. Lakini naye aliniambia kwamba masharti ya kutoka yangeandikwa siku ile ya kununua, walipokuwa bado wanacheka pamoja.