AYUB KALULE: BONDIA WA KAMPALA ALIYESHINDA BILA HARAKA (Mabingwa wa Kwetu, sehemu ya 3)



Mtoto akianza kupenda ngumi, kitu cha kwanza atakachokuonyesha kwenye simu ni nokauti. Mtu anapigwa, anaanguka, watu wanashangilia, video imeisha. Hakuna anayesambaza video ya bondia anayekwepa ngumi kwa raundi 15. Ndiyo maana leo nawaletea Ayub Kalule wa Uganda. Vijana wengi hawamjui, ila kwangu mimi ndiye kipimo kizuri cha bondia.

Kalule alizaliwa Kampala mwaka 1954. Mwaka 1974, akiwa na miaka 20 tu, alichukua dhahabu mbili. Ya kwanza ilikuwa Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, uzito wa kilo 60. Ya pili aliipata Havana, Cuba, kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ngumi za ridhaa, uzito wa kilo 63.5. Mwaka 1976 akaingia ngumi za kulipwa, akiishi na kupigana Denmark.

Oktoba 24, 1979 alikwenda Akita, Japani, kumfuata bingwa Masashi Kudo nyumbani kwake. Walipigana raundi zote 15, Kalule akashinda kwa pointi. Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa! Mkanda ulikuwa wa WBA, uzito usiozidi kilo 69.9, na aliutetea mara nne. Mwaka 1985 akapanda tena, akawa bingwa wa Ulaya kwenye uzito wa kati, kilo 72.5.

Hebu tuzipige hesabu hizo kilo kama tunavyosoma kadi ya kliniki. Kutoka 60 hadi 72.5 kwa miaka 11 ni kama kilo moja na kidogo kwa mwaka. Mwili ulipanda na umri, na ubingwa ukapanda na mwili. Ukisikia kocha anamwambia kijana wako asinywe maji siku mbili ili "apate uzito", hapo kataa. Mwili uliokaukiwa maji unaweza kuumiza figo na moyo, na kijana anapanda ulingoni tayari amechoka.

Sasa mtindo wake. Alikuwa anasimama kwa mkono wa kushoto, yaani mkono wa kulia uko mbele na ngumi nzito inatoka kushoto. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Alisogea taratibu, akifanya kazi raundi baada ya raundi mpaka mwenzake achoke. Alishinda mapambano 46 na kupoteza 4. Katika hayo 46, 23 aliwamaliza wapinzani kabla ya muda na 23 alishinda kwa pointi. Nusu kwa nusu!

Na waliomshinda si watu wa mchezo. Juni 25, 1981, Houston, Sugar Ray Leonard alimsimamisha raundi ya 9. Mwaka 1982 Davey Moore alimsimamisha raundi ya 10, na mwaka huohuo alipopigana na Mike McCallum, hakurudi raundi ya 8. Wengi walidhani ameisha. Lakini Desemba 1985 alikwenda Italia akamshinda Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Februari 1986 Herol Graham akamsimamisha raundi ya 10 kule Sheffield. Kalule akaacha ngumi akiwa na miaka 32.

Je, alikuwa mkubwa kama Leonard? Hapana, tuseme ukweli. Na kama nesi naongeza hili: kuvumilia mpaka raundi ya 9 au 10 si kinga. Kila ngumi ya kichwa inautikisa ubongo ndani ya fuvu, hata kwa aliyebaki amesimama. Kwa hiyo ninachompa heshima zaidi ni vitu viwili: alijua kushinda bila kutafuta nokauti, na alijua kuacha.

Mfananishe na Mganda mwenzake, John Mugabi. Huyo alishinda mapambano yake 25 ya kwanza, yote kwa nokauti. Machi 1986 akakutana na Marvin Hagler, akaangushwa raundi ya 11. Mwaka 1989 naye alipata ubingwa wa dunia, lakini mwaka uliofuata Terry Norris alimmaliza raundi ya kwanza. Na jirani zetu Wakenya wana Robert Wangila, dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988. Julai 1994 alipigana Las Vegas, akafariki kwa majeraha ya kichwa siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 26.

Sisemi mtoto asicheze. Ngumi zinafundisha nidhamu na pumzi. Ila nenda mwenyewe ukaangalie mazoezi. Kocha anafundisha kukwepa na kujikinga kwanza, au anawagonganisha tu watoto vichwa? Kofia ya kujikinga inapunguza kuchanika, lakini haizuii ubongo kutikisika.

Mtoto akipigwa kichwani akapoteza fahamu hata kidogo, akatapika zaidi ya mara moja, akasinzia isivyo kawaida, akapata degedege, akaumwa kichwa kinachozidi, au mboni za macho zikawa hazilingani, usisubiri asubuhi. Hospitali usiku huohuo. Na hata akionekana mzima, siku hiyo harudi mazoezini, mpaka daktari aseme.

Akikuonyesha tena video ya nokauti, mwambie akutafutie ya Kalule, raundi 15. Kaeni muitazame wote.

Sehemu ya 4 inakuja wiki ijayo. Usiku mwema.