Enzi, Wala Si Mamlaka Kamili

Kitabu cha uraia kilichonifikia majuzi, kilichotungwa kwa ajili ya vijana wa sekondari na kupitishwa na jopo la wataalamu, kinaifasiri ile sifa kuu ya dola, yaani kutokuwa na mkubwa mwingine juu yake ndani ya mipaka yake wala nje, kwa maneno "mamlaka kamili". Na kurasa chache mbele sifa hiyo hiyo inaitwa "uhuru kamili", kisha "mamlaka kuu", kisha "ukuu wa taifa", pasi na msomaji kuelezwa kama anasimuliwa habari ya kitu kimoja au vinne. Kitu ni kimoja, na jina lake limo katika Kiswahili tangu zamani, nalo ni enzi.

Nianze na mamlaka, kwa kuwa ndilo neno linalopata watetezi wengi. Asili yake ni shina la Kiarabu la mim, lam na kaf, shina la kumiliki, ambalo limetuzalia milki, malkia, na hata mamluki, aliyekuwa hapo kale mtumwa anayemilikiwa kisha akawa askari wa kukodiwa. Kwa Waarabu mamlaka ni ufalme wenyewe, na Saudia hujiita hivyo hata leo katika jina lake rasmi. Lau neno lingalibaki kwetu na hadhi hiyo, nisingalikuwa na la kusema. Walakini kwetu limeshuka daraja baada ya daraja hata likawa idhini tu ya kutenda jambo: mwalimu mkuu ana mamlaka ya kumsimamisha mwanafunzi, katibu ana mamlaka ya kutia saini hundi, mwajiri ni mamlaka ya nidhamu. Fauka ya hayo, Tanzania neno hilo limekuwa jina la mashirika, Mamlaka ya Mapato, Mamlaka ya Bandari, mamlaka za maji za kila mji, hata mwenye nyumba ambaye bomba lake limekauka husema "mamlaka wamekata", na jirani akamwelewa bila ya kuuliza. Basi mwanafunzi atafahamu vipi kuwa kitu kilichoundwa kwa sheria ya Bunge, kikapewa bodi na mkurugenzi, na kiwezacho kufutwa kwa sheria nyingine mwaka ujao, kina jina moja na kile ambacho kwacho Bunge lenyewe hupata haki ya kutunga sheria? Kuongeza neno "kamili" hakuponyi kitu, maana ukamilifu ni kipimo cha wingi, ilhali tofauti iliyopo hapa ni ya jinsi.

Madaraka nayo ni neno jema lenye kazi yake. Shina lake ni lile la kudiriki, kuwahi na kufikia jambo, na wazee wa pwani walilitumia kwa maana ya dhima na matengenezo, kwamba aliyeshika madaraka ya harusi ndiye aliyebeba gharama zake na lawama zake. Ndiyo maana Kenya, ilipopewa kujiendeshea mambo yake ya ndani tarehe 1 Juni 1963, iliiita siku hiyo Madaraka, na Uhuru ukangojewa hadi tarehe 12 Desemba; na ndiyo maana Tanzania, ilipopeleka shughuli za serikali mikoani mwaka 1972, iliiita siasa hiyo Madaraka Mikoani. Madaraka hupewa mtu, hugawanywa, hukasimiwa, na aliyeyatoa aweza kuyarejesha mkononi mwake. Enzi haikasimiwi.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Enzi, ambayo washairi huiita pia ezi, na Kamusi ya Johnson ya 1939 huyatia maumbo yote mawili, imetokana na Kiarabu izza, ambamo mna nguvu, utukufu na uhaba kwa pamoja: chenye izza ni kile kisichoshindwa, tena ni kile kisichopatikana kwa wepesi. Kwa sababu hiyo nduguye aziz, lililo miongoni mwa majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, na ambalo katika kisa cha Nabii Yusuf ndilo cheo cha mkubwa yule wa Misri, limetufikia kwa njia ya pili likawa azizi, kipenzi cha thamani. Na kwa sababu hiyo kuenzi kwetu ni kutukuza na kutunza, kama tusemavyo kuwaenzi waasisi. Waswahili wa kale, ambao hawakuwa na majopo wala posho za vikao, walilitwaa neno hilo wakaliunga na mwenye, wakapata Mwenyezi, yaani mwenye enzi, Yule ambaye juu yake hakuna. Na kile akaliacho mfalme wakakiita kiti cha enzi, wala hatujapata kusikia kiti cha mamlaka. Mfaransa Jean Bodin, alipoandika mwaka 1576 juu ya uwezo wa dola usio na ukomo wa muda wala mkubwa wa kuuamrisha, alitumia neno la lugha yake ambalo shina lake la Kilatini halina maana zaidi ya "aliye juu". Alichohitaji kukifafanulia kitabu kizima, mtoto wa chuoni Lamu hukitamka kila siku katika dua. Waarabu wa leo, walipohitaji istilahi ya jambo hili, walimwendea sayyid wakatoa siyada. Nasi, ambao masultani wetu wa Unguja walijiita Seyyid, tungaliweza kusema useyidi, lakini neno hilo kwetu limeshikamana na nasaba ya watu, halifai kuwa sifa ya nchi.

Atakaye kuona kwa macho kuwa enzi na madaraka ni vitu viwili, na auzingatie Mwambao wa Kenya. Ukanda wa maili kumi, tangu Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1895 Waingereza wakafanya naye mapatano ya kuuendesha, wakawa wanamlipa fedha kila mwaka kwa ajili hiyo. Tangu hapo, kwa muda wa karibu miaka sabini, gavana alikuwa Mwingereza, na kodi, polisi, reli na bandari ya Kilindini vyote viliendeshwa kwa amri za Nairobi. Walakini bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa, maliwali, mamudiri na makadhi wakashika nafasi zao, na nchi ikalazimika kuitwa kwa majina mawili, Koloni na Himaya ya Kenya, kwa kuwa bara ilikuwa chini ya taji la Uingereza na pwani haikuwa. Kamishna Sir James Robertson alipotumwa mwaka 1961 kulichunguza jambo la Mwambao, hakuja kuuliza ni nani anayetawala, maana hilo kila mchukuzi wa Kilindini alilijua. Alikuja kwa sababu enzi ilikuwa ya mtu mwingine. Na Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walipobadilishana barua, na makadhi wakahifadhiwa kwa ahadi, kilichotoka kwa Sultani kikaingia Kenya hakikuwa madaraka ya hata karani mmoja, kwa kuwa madaraka yote yalikuwa yamekwisha kuwa Nairobi tangu zamani. Ilikuwa enzi tupu. Iandike habari hii kwa "mamlaka kamili", nawe utakuwa na Sultani mwenye mamlaka kamili asiyeweza kumhamisha askari wa doria kutoka Malindi kwenda Takaungu.

Wala madhara ya kukosa istilahi hayaishii darasani. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake kumi na saba, iliamua kuwa kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola yenye enzi. Miaka minane baadaye Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema Bungeni kuwa Zanzibar si nchi. Ghadhabu ikapanda, na mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa na kutamka kuwa ni nchi. Katika hayo mimi sitoi hukumu. Lakini watu walikuwa wakishindania enzi huku ndimi zao zikitaja nchi, neno ambalo mkulima wa Makunduchi hulitumia kwa udongo alioukanyaga na pwani anayoiona, na ni nani atakayekubali kuambiwa kuwa hivyo havipo?

Nilipolipeleka pendekezo hili kwa jopo moja la istilahi, nalo sitalitaja, lilirejeshwa kwa mstari mmoja, kwamba enzi ni neno la kale, lina harufu ya kifalme na ya dini, na tena maana yake ni zama. Jibu hilo liliniuma, kwa kuwa halikuonyesha kama aliyeliandika aliisoma hoja hata ukurasa wa pili. Ama zama, hiyo ni maana iliyozaliwa na ile ya kwanza: waliosema enzi za Seyyid Barghash walikusudia muda wa utawala wake, ndipo neno likapanuka hata tukasema enzi za ukoloni, na mama hafukuzwi nyumbani kwa kuwa amezaa. Ama ufalme, rais na waziri nao walihudumia wafalme kabla ya kuhudumia jamhuri, na hakuna aliyewakataa. Ama dini, Katiba ya Pakistani huanza kwa kukiri kuwa enzi ya ulimwengu wote ni ya Mwenyezi Mungu, na kuwa mamlaka wayatumiayo wananchi ndani ya mipaka Aliyoiweka ni amana. Mwenye kuifasiri sentensi hiyo kwa "mamlaka kamili" amekata uhusiano wote uliomo, na mwenye kuifasiri kwa enzi hana haja ya kuongeza kitu. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 8, hutaja madaraka na mamlaka pamoja kuwa Serikali huyapata kutoka kwa wananchi, nayo ni sawa, kwa sababu hivyo viwili hutolewa. Kile kinachobaki kwa mtoaji baada ya kuvitoa ndicho ninachokitafutia jina.

Kwa matumizi, na iandikwe enzi ya nchi, dola yenye enzi, enzi ya wananchi, na usawa wa enzi baina ya dola, kama ulivyo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mamlaka na madaraka yabaki palepale yalipo. Nawaomba watungaji wa vitabu vya uraia na wafasiri wa sheria, Dodoma, Zanzibar na Nairobi, walitie neno hili katika matoleo yajayo, na jopo lililolikataa lizichapishe hoja zake kwa ukamilifu ili wasomaji wazipime.