Kutoka Ubao Hadi Bodi: Safari ya Neno Moja la Kiingereza

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtatiza mfasiri, yako magumu ambayo humpeleka moja kwa moja kwenye kamusi, na yako mepesi ambayo humpita bila kushukiwa. Hatari kubwa imo katika haya ya pili. Mojawapo ni neno "board".

Katika Kiingereza cha kale neno hili liliandikwa "bord", nalo lilitaja ubao, meza, ngao, na pia ubavu wa jahazi. Wanaisimu hueleza kwamba hapo yalikutana maneno mawili ya kale, moja la ubao na jingine la ukingo, yakafanana hata yakawa kama moja. Kutokana na ukingo ikapatikana maana ya kuwamo melini. Kiswahili hakina haja ya ubao hapa: abiria hupanda meli, na shehena inayotupwa baharini ili kuokoa jahazi hutoswa.

Kutokana na ubao ikapatikana meza, na kutokana na meza kikapatikana chakula kinachoandaliwa juu yake. Ndiyo maana Waingereza huiita shule ambayo wanafunzi hula na kulala kwa neno lililotoka mezani. Kiswahili kilitazama mahali pa kulala, kikasema shule ya bweni. Hatimaye watu walioizunguka meza wakishauriana waliitwa kwa jina la meza yenyewe. Mwaka 1696 Mfalme William wa Tatu wa Uingereza aliunda tume ya kusimamia biashara na makoloni, nayo ikaja kujulikana kwa jina hilo.

Safari ya namna hii si ngeni kwetu. Baraza ni kikalio kilichojengwa mbele ya nyumba, mahali pa wageni na mazungumzo. Baadaye likawa mkutano wa wanaoketi hapo, na leo tunalo Baraza la Mawaziri. Waingereza walianzia mezani, sisi tukaanzia kibarazani, tukakutana njiani.

Hata hivyo, kufanana kwa njia hakutupi ruhusa ya kubadilishana maneno ovyo. Tuseme sheria inaamuru "board" ishauriane na "council". Mfasiri akiandika baraza kwa yote mawili, baraza litashauriana na baraza, na mkulima mwenye malalamiko hatajua abishe hodi mlango upi. Akikimbilia halmashauri, msomaji wa Tanzania atadhani ni ile ya madiwani, iliyowekwa chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982.

Hapo ndipo neno la mkopo, bodi, lilipopata haki ya kukaa, kama katika Bodi ya Kahawa. Ni kweli kwamba lina pacha wake, bodi ya lori, lililotokana na neno jingine la Kiingereza lenye maana ya mwili. Lakini muktadha huyatenga bila taabu.

Basi, kabla ya kuandika, yampasa mfasiri aulize: ni akina nani wanaoketi katika kikao hicho, wameteuliwa au wamechaguliwa na nani, na wana mamlaka gani? Akiisha kujibu, achague neno moja, alishike hadi mwisho wa waraka.