Kidole Gumba na Kidole cha Shahada



Kamati ya gazeti hili la kumbukumbu iliniomba niandike juu ya historia ya uimbaji katika ushirika wetu wa nchi jirani. Nadhani walitaka majina ya kwaya na miaka zilipoanza. Hayo katibu ameshayapanga vizuri, utayakuta kurasa za mbele. Mimi nimeomba niandike juu ya gitaa, na juu ya watu waliolipiga mpaka likatufikia sisi hapa kati ya Uvira na Bujumbura. Wengine wao hawakuwa watu wa kanisa. Naomba usifunge ukurasa kwa sababu hiyo.

Nilipokuwa na miaka kama kumi na mitano, jirani yetu mmoja, mzee aliyetoka upande wa Katanga, aliokoka. Ujanani alikuwa akipiga muziki wa dansi. Jumapili iliyofuata akaja kanisani na gitaa lake, akitaka kumtumikia Mungu kwa kile alichokuwa nacho. Wazee wa kanisa wakamwambia gitaa hilo limelelewa baa, halitaingia madhabahuni. Achague: liache au utoke nalo. Sitalitaja kanisa hilo wala wazee hao, wengine wameshalala katika Bwana. Mzee hakubishana. Alilileta kwetu, akaliegemeza nyuma ya mlango wa mama yangu, akarudi kanisani akakaa benchi la mwisho. Amekaa hapo miaka mingi sana.

Nyuma ya mlango ule ndipo nilipojifunza. Somo la kwanza halikuwa wimbo. Alinishika mkono wa kulia, akakunja vidole vitatu, akabakiza gumba na cha shahada. Akasema, "Hawa ni wawili tu, na kila mmoja ana kazi yake. Gumba asimfuate mdogo wake." Nilikaa wiki nzima napiga nyuzi za chini kwa gumba, tu-tu, tu-tu, mpaka mama akachoka kusikia.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba lile halikuwa jambo la mzee peke yake. Ni shule nzima, na mwalimu wake mkuu alikuwa Jean-Bosco Mwenda, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, gitaa mkononi, hana bendi. Akamrekodi. Mojawapo ya nyimbo zile ni Masanga, na santuri yake ikasafiri mbali kuliko reli ya migodi ilivyofika.

Sasa, ukuu wake uko wapi? Isikilize Masanga bila mtu kukuambia ni nani anapiga, utasema ni watu wawili, labda watatu. Gumba linatembea chini na mwendo wake, kama mtu anayekwenda shamba asubuhi. Kidole cha shahada kinacheza juu na mwendo mwingine kabisa, kinakimbia, kinasimama, kinarudi. Miendo hiyo miwili haigongani, lakini pia haikanyagani. Ukijaribu kuhesabu unapotea. Na katika nyimbo zake za kuimba, yeye huyo huyo anaimba juu ya gitaa kwa Kiswahili cha Katanga, sauti imetulia kama vile mikono si yake. Ukimwona mpiga likembe kijijini, jinsi vidole gumba viwili vinavyogawana kazi, utaanza kuelewa. Kwa sikio langu mimi, Mwenda hakuiga wazungu. Alilichukua gitaa akalifanya liongee lugha ambayo mikono ya kwetu ilikuwa inaijua tayari.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi. Ndugu yake Edouard Masengo naye alikaa huko. Wapigaji wa Kenya wakasikiliza, wakachukua, wakageuza. George Mukabi, mtu wa upande wa Kakamega, alipiga gumba lake kwa mwendo wa ngoma ya sukuti, na mwenzake akagonga chupa pembeni. Ni vidole viwili vile vile, lakini kijiji kimebadilika. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa mpaka tamasha la Newport, Marekani. Pamoja na hayo yote alifanya kazi ya ofisi kama watu wengine, na mwaka 1990 alifariki kwa ajali ya gari.

Kinshasa walifuata njia nyingine, ya umeme na bendi kubwa. Franco, jina lake kamili François Luambo Makiadi, ni mtoto wa mama muuza mikate sokoni. Alianza na gitaa la kujitengenezea, na mwaka 1956 akawa miongoni mwa walioanzisha OK Jazz. Yeye naye, pamoja na spika na umeme wote ule, aliendelea kutumia gumba na kidole cha shahada. Ndiyo maana gitaa lake lina sauti mbili mbili zinazotembea pamoja, nzito kidogo, zinarudiarudia mpaka zikushike mguu. Sebene yake haina haraka.

Dr Nico ni habari tofauti. Nicolas Kasanda, aliyezaliwa Mikalayi, Kasai, mwaka 1939. Ndiye anayepiga solo katika Indépendance Cha Cha, wimbo ambao African Jazz ya Kabasele waliutoa Brussels mwaka 1960 wakati viongozi wa Kongo walipokuwa kwenye mazungumzo ya uhuru. Babu zetu wote mpakani hapa wanaujua. Msikilize vizuri: hapigi noti nyingi. Anapiga moja safi, anaiacha ipumue, halafu anaijibu. Lakini nataka umsikilize yule aliye nyuma yake. Ni kaka yake mkubwa, Dechaud, anapiga ridhimu. Hasikiki akijisifu popote. Anashikilia mwendo ule ule dakika zote, na kwa sababu hatikisiki, mdogo wake anaweza kuruka anavyotaka. Vijana wetu wa leo kila mmoja anataka kuwa Nico. Ukiuliza nani atakuwa Dechaud, wanatazamana.

Labda utaniuliza, mwinjilisti, haya ya dansi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu gitaa lilitufikia kwa milango miwili. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika eneo hili la ziwa miaka ya 1920, na huko kwao Sweden makanisa ya Kipentekoste yalijaa vikundi vya waimbaji wenye magitaa. Kwa hiyo gitaa lenyewe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni mlango liliotokea.

Na si sisi tu tuliokwama hapo. Kuna dada mmoja wa Kipentekoste Marekani, Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915. Mama yake alikuwa mwinjilisti, akipiga mandolini na kuhubiri, na mtoto alianza kupiga gitaa mikutanoni akiwa mdogo kabisa. Mwaka 1938 alirekodi, na mwaka huo huo akapiga katika ukumbi wa starehe wa Cotton Club, New York. Waamini wengi walikasirika, wakamwona amemuuza Bwana. Wakati huo huo watu wa dunia walikuwa wanamwiga. Wale walioanzisha muziki wa rock and roll walikuwa wanamsikiliza yeye. Ipo filamu ya mwaka 1964, amesimama kwenye kituo cha treni Manchester, Uingereza, amevaa koti, gitaa la umeme kifuani, anaimba habari za Mungu. Tazama mkono wake unavyovuta uzi. Anahubiri kwa ule uzi. Alipougua na kukatwa mguu hakuacha kupiga. Alifariki mwaka 1973, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka thelathini bila jiwe la jina. Huyo ni mtumishi wa nyumba ya Mungu, jamani.

Nikisoma habari hiyo namkumbuka mzee wa benchi la mwisho.

Maana baadaye kanisa lile lile lilinunua magitaa matatu mapya ya umeme, na spika zake. Lilibarikiwa kwa maombi na sadaka maalum. Hakuna aliyegeuka nyuma kumwuliza yule mzee kama angeweza kufundisha vijana. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshakuwa kiongozi wa vijana, nilijua anachokijua, na sikunyanyua mkono. Wanasema gazeti la kumbukumbu ni la kusifu, lakini naomba na hili liandikwe humo.

Hata Remmy Ongala, mtoto wa Kindu aliyekwenda kuwa jina kubwa Dar es Salaam kwa gitaa lake na Super Matimila, alipookoka mwishoni aliimba injili mpaka alipofariki mwaka 2010. Lakini kwetu ilikuwa bado ni vigumu kumpokea mzee mmoja.

Mwezi uliopita nilivuka Kavimvira kwenda kumwona. Macho yamekwisha karibu kabisa. Akaniomba nipige Masanga. Nilikuwa sijaigusa muda mrefu, nikajikaza. Sikufika mbali akaninyamazisha kwa mkono.

"Gumba linamfuata mdogo wake," akasema.

Kisha akalichukua gitaa. Mikono inatetemeka anaposhika kikombe, nimeona mwenyewe. Ilipogusa nyuzi haikutetemeka. Alipiga kidogo tu, akachoka, akacheka.

Nilimwomba aje Jumamosi kwenye ibada ya maadhimisho, apige mbele, siyo benchi la mwisho. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikafikiri amesinzia. Akasema atakuja kama gitaa litakuwa ni lile lake. Kamati imekubali, na mchungaji mwenyeji amesema atakwenda kumchukua yeye mwenyewe kwa gari.

Shida ni kwamba gitaa hilo limebaki na nyuzi nne. Ninyi mnaotoka Bujumbura, kama kuna mwenye nyuzi mpya za gitaa kavu, anipatie Gatumba siku ya Ijumaa kabla mpaka haujafungwa. Zinahitajika ya kwanza na ya tatu.